Kofia ya viua iliyotakiwa iwe mto: uchambuzi wa kisa kimoja cha darizi

Wifi yangu anaishi Maskati. Mwishoni mwa Rajabu alinipelekea kwa mkono wa msafiri mfuko wa plastiki, na ndani yake kofia moja ya viua, imekunjwa mara mbili kama leso, imeshika rangi ya chai pale ilipokuwa ikigusa kipaji. Ilikuwa kofia ya marehemu baba yake, baba mkwe wangu. Usiku ule ule ikaja sauti ya WhatsApp: "Wifi, binti yangu anaolewa Mfunguo Mosi. Nataka mito minne ya majlisi, nakshi ya kofia ya baba, mshono wa msalaba, rangi ya bluu. Wewe ndiye fundi, mimi sina neno."

Wanaomjua wifi yangu wanajua kwamba "mimi sina neno" ni bismillahi ya maneno.

Nimeona nikiandike kisa hiki kwa urefu kwa sababu wanafunzi wangu wa darizi huniuliza swali hilo hilo kwa sura nyingi: nakshi ya kanga naweza kuitia kwenye shuka? Chati ya mshono wa msalaba naweza kuifanya darizi ya kujaza? Ua la kitambaa cha meza litakaa kwenye kanzu? Jibu la "inategemea" halimsaidii mtu. Afadhali nieleze kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na pale nilipoharibu.

Wasioijua kofia ya viua wavumilie maelezo kidogo. Ni kofia nyeupe ya mkono, yenye duara la juu na ukanda wa pembeni. Kitambaa ni mikunjo miwili. Nakshi huchorwa kwanza, kisha hushonwa kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Viua vyenyewe ni vitobo vidogo vinavyotobolewa na kuzungushiwa uzi ukingoni visifumuke. Vitobo hivyo hupitisha hewa kichwani, na ndivyo vinavyochora majani na matawi. Kule Omani nao wana kofia zao za vitobo, wanaziita kumma, na watu wetu wa huko wanavaa za kwao na za kwetu bila kuona tabu. Kwa hiyo wifi hakuwa anatafuta kitu kigeni kwa nyumba yake. Kigeni kilikuwa mshono wa msalaba.

Mshono wa msalaba, yaani mishono miwili midogo iliyopishana kama herufi X, nao una sheria yake. Unatakiwa kitambaa cha kuhesabika, kama aida, ambacho kimefumwa kwa miraba iliyo wazi. Aida ya 14 ina miraba 14 kwa inchi moja, yaani kila mraba ni chini kidogo ya milimita 2. Hakuna kuchora juu ya kitambaa. Unafuata chati, mraba mmoja msalaba mmoja, na huwezi kuweka sindano mahali pasipo na mraba. Ndiyo maana mimi huigawa kazi yetu mafungu mawili tu: darizi ya kuchora na darizi ya kuhesabu. Kofia ni ya fungu la kwanza kabisa. Wifi alitaka niivushe hadi la pili.

Kabla sijashika penseli, kijana wa wifi alikuwa ameshanitangulia. Alipiga picha kofia, akaiingiza kwenye programu ya simu inayogeuza picha kuwa chati, na chati ikatoka. Nikaifungua nikacheka peke yangu jikoni. Ilikuwa na rangi 31. Nyeupe ya maziwa, nyeupe ya samli, kijivu cha majivu, kijivu cha mvua, na kuendelea. Majani hayakuwepo. Programu ilifanya kazi yake kwa uaminifu: ilinakili vivuli. Na kofia nyeupe kwenye picha haina kitu kingine cha kunakiliwa, kwa kuwa uzi na kitambaa vina rangi moja.

Hapo ndipo kisa chote kilipo. Nakshi ya kofia inasimama kwa mwanga: kitobo kinaonekana cheusi kwa sababu ndani yake kuna giza la nywele, na uso wa kofia unaonekana kwa sababu uzi umeuinua kidogo. Nakshi ya msalaba inasimama kwa rangi, kwa sababu misalaba yote ina urefu mmoja na haina mwinuko wala tundu. Ukitaka kuvusha nakshi kutoka huku kwenda kule, usianze na umbo la jani. Anza kwa kuuliza ni nini kinachoifanya ionekane, kisha utafute katika mshono mpya kitu cha kufanya kazi ile ile. Mimi mwenyewe nilijua hili kwa mdomo kabla mikono haijalijua, kama itakavyoonekana.

Nilianza na kunakili. Ukanda wa kofia ukikunjuliwa ni mstari mrefu ulionyooka, basi sikuwa na haja ya kuukata wala kuufumua. Nikaupima: mzunguko sentimita 56, na nakshi inajirudia mara nane, kila kipande kama sentimita 7. Nikachagua kipande cha tatu kwa sababu ndicho kilichokuwa kisafi. Nikaweka karatasi nyeupe juu ya kibao cha kukatia mboga, nikailaza kofia juu yake upande wa ukanda, nikaibana kwa pini nne pembezoni. Kisha nikachukua penseli iliyochongwa mpaka ikawa kama mwiba, nikaichomeka katika kila kiua na kuizungusha kidogo. Kiua kimoja, nukta moja. Nilipoinua kofia nilikuta nukta 63 kwenye karatasi, na bila mstari hata mmoja niliona tawi linalopanda na kushuka, na majani mawili yaliyotazamana kwenye kila mgongo wa wimbi.

Njia hii nawapendekezea hata wasiokuwa na nia ya kubadili mshono. Picha ya simu hupinda pembezoni. Karatasi ya kupitishia juu kwa kusugua penseli huchafua kofia. Nukta haisemi uongo, na ile karatasi, ukishaitoboa kwa sindano kwenye kila nukta, unaweza kuiweka juu ya kitambaa kipya na kupitisha unga wa mkaa kwa pamba, nakshi ikashuka yenyewe.

Jaribio la kwanza nililifanya kama mwanafunzi. Nilichukua karatasi ya miraba, nikaweka nukta zangu juu yake, na kila nukta nikaipa mraba uliokuwa karibu nayo. Sentimita 7 kwenye aida ya 14 ni miraba 38 na nusu hivi, nikachukua 39 ili nipate safu moja ya katikati ambayo majani yatageukiana kwayo. Nikashona kipande kimoja kwa uzi wa bluu, kila kiua msalaba mmoja. Ikanichukua jioni moja, nikapiga picha, nikatuma.

Wifi akajibu baada ya dakika mbili: "Wifi yangu, huyu ni nyoka au ni ua?"

Alikuwa na haki. Kwenye kofia kiua kina upana wa milimita 3 na kiua cha pili kinaanza milimita moja tu mbele yake, kwa hiyo jicho linaviunganisha na kuona tawi. Kwenye aida, ama nukta mbili zilitengana kwa mraba mzima, ama ziligusana kwa pembe, ama zilipanda ngazi. Mviringo ukawa ngazi. Na juu ya hayo nukta za bluu zikaelea kwenye kitambaa kitupu bila kitu cha kuzishika, ambapo kwenye kofia zimezungukwa na kazi nyingine ya uzi inayoyapa majani mwili. Nilikuwa nimenakili mahali pa vitobo, lakini ile kazi ya vitobo sikuwa nimeipeleka popote.

Nikamwambia anipe siku tatu. Siku ya kwanza niliitumia kwa hesabu, na hapa nitakaa kidogo, maana wengi huchagua kazi kwa jicho kisha wakakwama nayo kabatini miaka.

Mto wa majlisi alioutaka wifi ni sentimita 42 kwa 42. Kwenye aida ya 14 hiyo ni miraba 231 kwa 231, yaani zaidi ya misalaba 53,000 ukijaza uso wote. Mimi mkono wangu, nikiwa nimetulia na redio iko chini, ni misalaba 120 kwa saa. Basi mto mmoja uliojazwa ungekula saa 440 na ushei. Mito minne ni saa 1,700 na zaidi, na harusi ilikuwa baada ya wiki 11. Toa Ramadhani, toa wiki moja ya kushona mito yenyewe, kutia zipu na kupiga pasi, zinabaki siku 40. Hakuna mahari inayolipa kazi hiyo.

Basi uso mzima ukafa hapo hapo. Kilichobaki ni ukanda, na kusema kweli ukanda ndio ulioifaa nakshi. Kofia haina kona. Tawi lake huzunguka na kurudi lilipoanzia, halijui mwisho. Ukilichukua ukalizungusha kwenye kingo nne za mto, utafika kwenye kona nne na kila kona itakudai uamuzi: jani likunjwe, likatwe, au lichorwe jipya? Nimeona foronya nyingi ambazo tawi zuri limevunjika shingo kwenye kona. Nikaamua ukanda upite katikati ya mto kutoka mshono wa kushoto hadi wa kulia, uingie ndani ya mshono kana kwamba unaendelea kwa nyuma. Ili hilo lifae, upana wa mto lazima ugawike kwa kipande cha nakshi bila kubaki. Sentimita 42 kwa 7 ni vipande sita kamili. Hii ilikuwa bahati, lakini kama isingekuwa hivyo ningebadilisha ukubwa wa mto, nisingekata jani.

Wifi alitaka pia lile duara la juu ya kofia liwe katikati ya mto mmoja. Nilikataa. Duara kwenye miraba ni kazi ya mtu mwenye nafasi.

Siku ya pili nilimpigia simu nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza mwanzo: kwa nini msalaba? Kwani kama anataka nakshi ya kofia, mimi viua navijua, nilifundishwa na mama kabla sijavunja ungo. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema binti zake wawili hawajui kushika sindano, bibi harusi na mdogo wake, na yeye alitaka nao watie mkono kwenye kitu cha babu yao. Dukani kwao ameona vifurushi vya msalaba, akaona kuhesabu miraba hata wao wataweza. Viua hawataviweza.

Swali la mshono gani lilikuwa kumbe swali la mikono gani. Na hapo kazi ikafunguka, kwa sababu sikulazimika tena kuvusha mito minne. Tukagawana. Miwili nishone mimi huku kwa viua, juu ya bafta nyeupe, na chini yake kitambaa cha bluu ili bluu ichungulie kwenye vitobo. Miwili washone wao kule kwa msalaba. Kazi yangu mpya ikawa kuifanya mito ya aina mbili ionekane ni ndugu.

Msaada niliupata Italia. Katika mji wa Assisi kuna darizi ya zamani iliyofufuliwa mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo mwendo wake ni kinyume cha tulivyozoea: mnyama au ua huachwa kitambaa kitupu, na kinachojazwa misalaba ni uwanja unaomzunguka. Ukingo wa umbo huchorwa kwa mshono mwembamba wa kwenda na kurudi, ambao sindano inaruka hatua moja wakati wa kwenda na kuijaza wakati wa kurudi. Nilikuwa naijua kazi hii kwa kuiona. Sikuwahi kufikiri kwamba inaihusu kofia.

Inaihusu sana. Kwenye kofia tawi na majani ni meupe, na vitobo ndani yake ni vyeusi. Basi nikaliacha tawi na majani yawe kitambaa kitupu cheupe, uwanja ukawa bluu ya kukoza, na ndani ya majani, pale penye kila nukta ya penseli, nikaweka kibonge cha misalaba minne ya bluu, miwili kwa miwili. Kitobo kikarudi kuwa kitobo: doa la giza ndani ya weupe. Sikuwa na mwinuko wala tundu, lakini nilikuwa na kazi ile ile ikifanywa na rangi.

Ili viua vienee ilibidi nakshi ikuzwe mara mbili. Kipande cha sentimita 7 kikawa 14, na mto ukabeba vipande vitatu badala ya sita. Hapa kuna mtego mdogo ambao hunasa watu: 39 mara mbili ni 78, na 78 haina safu ya katikati. Majani yatageukiana kwenye mstari baina ya miraba miwili, na yule tawi aliyetakiwa apite katikati atakuwa ama mnene ama kombo. Nikapunguza mraba mmoja, kipande kikawa 77, na vitatu vikatoa 231, sawasawa na upana wa mto. Kimo cha ukanda nikakiweka miraba 66, sentimita 12. Nikaichora chati upya, safari hii nikiyazungushia majani mstari kwanza na kuyalainisha kwa jicho. Pale ngazi ilipokuwa na hatua mbili, moja, tatu, moja, nikaifanya mbili, mbili, moja, moja. Huo si uaminifu kwa nukta, ni uaminifu kwa jani. Chati ikikubishia mviringo, fuata mviringo.

Hesabu ikarudi mezani. Ukanda wa 231 kwa 66 ni miraba 15,246, na inayojazwa ilikuwa kama asilimia 55, yaani misalaba 8,400 hivi. Kwa mkono wa mwanafunzi, misalaba 100 kwa saa, ni saa 84 kwa mto. Siku 40 kwa saa mbili na dakika chache kila jioni. Inabana, lakini inaingia. Uzi nilimwandikia kifungu cha chapa ya DMC cha mita 8, nyuzi mbili kati ya sita kwa msalaba na moja kwa mstari wa ukingo. Kwa mkono wangu kifungu kimoja hakifikishi misalaba 2,000, hivyo anunue sita kwa kila mto, vyote siku moja na duka moja, asije akaishiwa katikati ya jani na kukuta bluu ya wiki ya pili imepauka.

Na mito yangu? Nilitarajia viua viniue. Nukta 63 kwa vipande sita ni viua 378, na ili nami nifikie sentimita 12 kama wao, nilipanga ukanda mara mbili, wa chini ukiutazama wa juu kama kwenye kioo. Viua 756 kwa mto. Kiua kimoja kinanichukua dakika tatu: nashona kwanza duara dogo la mshono wa kupitisha, natoboa katikati kwa sindano ya magunia bila kukata kitambaa, nasukuma nyuzi kando ziwe ukuta, kisha nazungushia uzi kwa kubana, sindano ikitoka ndani ya tundu kila mara. Jumla ni saa 38. Chini ya nusu ya ule mshono rahisi! Wifi hakuamini, nikamfanyia hesabu mara mbili. Msalaba ni mwepesi kujifunza lakini unalipwa kwa mraba, na uwanja wote lazima ulipwe. Kiua ni kigumu kujifunza, lakini ukishashona jani umemaliza, kitambaa kinachobaki kinajitegemea. Kofia yenyewe inachukua miezi kwa sababu imejazwa kazi karibu kila mahali. Mimi nilichukua tawi tu.

Nilimwagiza wifi mambo matatu. Aloweke aida usiku mmoja kabla, maana ina wanga na huenda ikajikunja ikifuliwa. Mikono yote iwe na mwelekeo mmoja, mguu wa juu wa msalaba ulale kulia siku zote. Na binti mmoja asimalizie mto wa mwenzake, kwa sababu mikono miwili haivuti uzi sawa na uwanja wa rangi moja husema kila kitu. Yeye mama achore mistari ya ukingo kwenye mito yote miwili, kisha kila binti ajaze wake.

Walifuata. Hata Ramadhani, ambayo nilikuwa nimeitoa kwenye hesabu, walishona baada ya tarawehe wakanitumia picha saa nane za usiku. Kwenye mto wa bibi harusi kuna jani moja, la tatu kutoka kushoto, ambalo misalaba inayolizunguka imelala upande usio wake. Mchana huioni. Taa ikiwa ubavuni unaiona kama upepo uliopita kwenye majani ya mgomba. Aliuliza afumue? Nikamwambia aache. Kufumua misalaba 300 kwenye aida kunaacha ukungu wa nyuzi za bluu ambao hautoki.

Aliyeharibu ni mimi. Niliyemwagiza mwenzangu aloweke aida sikuloweka bafta yangu. Nilishona viua vyote 1,512, nikatia bitana ya bluu, nayo niliijaribu kwa makini isichuje: nililowanisha kona, nikaikandamiza kwa pasi ya moto juu ya kitambaa cheupe mpaka nikaridhika. Kisha nikaifua kazi ili kuondoa unga wa mkaa. Bafta ikaingia sentimita moja na nusu. Bitana, ambayo ni tetroni, kitambaa cha nyuzi za kiwandani, haikuingia hata nywele. Basi chini ya viua vyangu vizuri bluu ikajikunja, na kwenye kila kitobo cha pili ukaona mkunjo badala ya rangi. Nilikaa na mto ule mapajani nikautazama kama mtu aliyemwaga mchuzi wa wageni.

Dawa haikuwa ngumu, ilikuwa aibu tu. Nikafumua bitana upande mmoja, nikaivuta, nikakata kilichozidi, nikashona tena. Lakini mito yangu sasa ni sentimita 40 na nusu, na ya Maskati ni karibu 42. Ikipangwa mmoja mmoja kwenye majlisi haionekani. Ikiegemezwa pamoja, yangu imevimba kidogo kama mashavu. Wifi ameigawa miwili miwili, ya viua upande wa wazee, ya msalaba upande wa vijana, na anawaambia watu ndivyo ilivyokusudiwa.

Baada ya harusi nilikuwa narudisha kofia. Niliifua kwa maji ya vuguvugu, nikaitia wanga, nikaifunika juu ya bakuli la udongo ikauke ikiwa na umbo lake. Kwa kuwa ilikuwa mbele yangu na sina la kufanya, nikaanza kuhesabu viua vya vipande vingine. Cha kwanza 63. Cha pili 63. Nikazunguka mpaka cha nane, karibu na mshono wa nyuma, nikapata 58. Nikarudia, 58. Nikasogeza taa: jani moja limepunguzwa ncha, na tawi limebanwa likawa jembamba. Huyo mama aliyeishona, sijui ni nani na amelala kaburi gani, alifika mwisho wa mzunguko akakuta nafasi haitoshi, akalikata jani kwa ustadi ambao haukuonwa na mwenye kofia maisha yake yote, wala na mimi niliyekaa na nakshi ile miezi mitatu.

Nikampelekea wifi picha ya jani lile, nikamzungushia alama. Akaitazama, akanyamaza, kisha sauti ikaja: anataka mto wa tano, wenye kipande hicho hicho cha nane, na huo autie chumbani kwake. Mimi sina neno, akasema. Nimemwambia asubiri mpaka Mfunguo Tatu, na safari hii bafta nimeshailoweka.